Homa Ndogo, Mapigo 172: Kisa cha Mtoto na Misuli ya Moyo Iliyovimba

Aliletwa saa mbili na nusu usiku, amebanwa kati ya bibi yake na dereva wa bodaboda. Binti wa miaka 7, kilo 21, yuko darasa la pili. Mama yake alifika dakika chache baadaye kwa pikipiki nyingine, mkononi kashika daftari la mtoto, lile daftari la shule ambalo familia nyingi hapa Uganda hulinunua dukani na kuligeuza faili la matibabu. Ni Wanubi wa Bombo. Baba ni askari, wakati huo alikuwa kazini mbali. Nyumbani huzungumza Kinubi na Kiswahili, nami nilishukuru, kwa sababu Kiganda changu ni cha sokoni, hakifiki kwenye maelezo ya ugonjwa.

"Musawo, tumbo linamsokota tangu juzi," mama akaanza. Hapa hata waongeao Kiswahili hutuita musawo, neno la Kiganda la daktari. "Kila anachokula kinarudi."

Bibi akadakia: "Na hataki kulala, mwanangu. Ukimlaza tu anainuka, anakaa hivi." Akainama mbele, viganja juu ya magoti, akatuonyesha.

Neno la mama nililiandika. La bibi nililisikia, nikalipita.

Mimi ni afisa tabibu. Kituo chetu kiko kando ya barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu. Jina lake naliacha, na mambo kadhaa yasiyo ya kitabibu nimeyageuza ili familia isitambulike. Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wenzangu walio zamu za usiku kwenye vituo vya namna hii, na wazazi wakikisoma pia ni sawa.

Vipimo vya mlangoni vilikuwa hivi: joto nyuzi 37.9, mapigo ya moyo 172 kwa dakika, pumzi 46, oksijeni asilimia 92. Presha sikupima, kwa kuwa mkanda wa mtoto ulikuwa umepasuka tangu mwezi uliopita. Mikono ya baridi. Nilipobonyeza kucha na kuachia, rangi ilichukua sekunde 4 kurudi. Damu 10.4, kwa hiyo hana upungufu wa damu wa kutisha. Kipimo cha haraka cha malaria kikaonyesha mistari miwili.

Hiyo mistari miwili ndiyo iliyonimaliza. Ukifanya kazi Uganda, mtoto mwenye homa, matapishi na kipimo cha malaria chenye mistari miwili ameshajieleza. Nikaandika "malaria kali, amepungukiwa maji mwilini," nikaagiza artesuneti miligramu 50 kwa mshipa na dripu ya maji ya chumvi, mililita 20 kwa kila kilo, yaani mililita 420, iende haraka.

Daftari lilikuwa mezani. Ningelifungua ukurasa wa nyuma ningeona kwamba siku 16 kabla, mtoto huyohuyo alitibiwa malaria kwenye kliniki ya jirani na kumaliza vidonge vyake vya Coartem. Kipimo cha haraka tunachotumia hutafuta protini ambayo kimelea huiacha kwenye damu, na protini hiyo inaweza kukaa wiki kadhaa baada ya kimelea chenyewe kufa. Mistari miwili kwa mtoto aliyetoka kutibiwa juzijuzi inaweza kuwa ni kivuli cha malaria iliyopita. Slaidi ilisomwa kesho yake asubuhi, fundi wa maabara alipoingia kazini. Haikuwa na kimelea hata kimoja.

Dripu ilikuwa imeingia kama mililita 250 hivi sista wa zamu aliponiita. Ni mkunga wa miaka mingi, hazungumzi sana. "Musawo, njoo ushike ini la huyu mtoto."

Nilikuwa nimeligusa mara moja wakati wa kumpokea, kwa haraka, nikalikadiria vidole viwili chini ya mbavu. Sasa lilikuwa vidole vinne, na nilipolibonyeza mtoto alinisukuma mkono. Pumzi zilikuwa zimefika 64, anaguna kila anapotoa hewa. Oksijeni 85. Mapigo 190. Mama alikuwa amemfunika kitenge kwa sababu ya baridi ya mikono, na pale upande wa kushoto, chini ya chuchu, kile kitenge kilikuwa kinaruka. Kinaruka, kinatulia, kinaruka. Ungeweza kuhesabu mapigo ukiwa umesimama mlangoni.

"Maji yanamzamisha," sista akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshafunga dripu.

Nikaweka stethoskopu. Moyo mzima una sauti mbili. Huu ulikuwa na tatu, mfululizo, kama farasi anayekimbia. Chini ya mapafu, pande zote mbili, kulikuwa na mlio mwembamba wa vipovu.

Tulimwinua, tukamwegemeza kifuani kwa bibi yake, yaani tukamrudisha kwenye kikao kilekile alichojichagulia tangu nyumbani. Mashine ya oksijeni ikawashwa, lita 2 kwa mipira ya puani. Furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, miligramu 20 kwa mshipa. Kisha tukangoja mkojo. Baada ya kama dakika 40 akasema kwa sauti ndogo anataka kukojoa, na sista aliyekuwa amekunja uso tangu saa mbili akacheka. Alijaza nusu ya beseni. Pumzi zikashuka hadi 52.

Wenzangu waliosoma hadi hapa wengine wameshafikiria utafiti wa mwaka 2011. Ulifanyika kwetu, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, pamoja na Kilifi kule Kenya na Muheza kule Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haifiki vizuri mwilini waligawanywa: wengine wakapewa maji ya haraka kwa mshipa, wengine hawakupewa. Ndani ya saa 48, kati ya kila 100 waliopewa maji ya haraka walikufa takriban 10.5. Kati ya kila 100 ambao hawakupewa, 7.3. Matokeo hayo nilikuwa nayajua, nimeyasikia semina zaidi ya moja. Lakini watoto wa kuhara na kutapika, na wenye utapiamlo mkali, hawakuwemo kwenye utafiti ule, na mimi usiku ule nilijificha hapohapo: huyu anatapika, nikajiambia, huyu ni wa kupungukiwa maji, sheria nyingine. Hakuwa ameharisha hata mara moja. Midomo na ulimi vilikuwa na unyevu. Ngozi ya tumbo nikiifinya ilirudi mara moja. Ukiniuliza upungufu wa maji niliuona wapi, sina pa kukuonyesha.

Turudi kwenye ile namba, 172. Mtoto wa miaka 7 aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya 70 na 110 au zaidi kidogo. Homa huongeza, kwa makadirio ya wodini, kama mapigo 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mpe nyuzi 37.9, mpe na woga wa kituo cha afya na sindano, utafika 130, tuseme 135 ukiwa mkarimu. Yale mapigo mengine karibu 40 hayana mwenyewe. Kupungukiwa maji kungeweza kuyadai, sawa, lakini kupungukiwa maji hakukuzi ini wala hakushushi oksijeni. Damu kidogo ingeweza kuyadai pia, na kwetu ndiyo ya kwanza kufikiriwa, ila 10.4 haifiki huko. Anayebaki kuyadai ni moyo wenyewe. Moyo wa mtoto ukidhoofika hauwezi kuongeza sana kiasi unachosukuma kwa pigo moja, kwa hiyo unakimbilia kupiga mara nyingi. Mwili nao unabana mishipa ya mikono na miguu ili damu ibakie kwa wakubwa, ubongo na moyo. Ndiyo baridi ya vidole. Damu isiyosukumwa mbele inarudi nyuma: upande wa kushoto inajaa mapafuni, upande wa kulia inajaa kwenye ini. Ini likijaa haraka, ganda lake linavutika na linauma. Utumbo nao ukikosa damu ya kutosha unatapika. Mtoto haji kukwambia "moyo wangu umechoka." Anakwambia tumbo.

Na anakataa kulala chali, kwa sababu akilala damu ya miguuni inarudi kifuani na kumbana pumzi. Bibi alinieleza hayo yote mlangoni kwa kuinama tu.

Kwa nini moyo wa mtoto aliyekuwa anaruka kamba wiki iliyotangulia udhoofike hivyo? Nilipouliza vizuri, sasa nikiwa na adabu ya kusikiliza, bibi alisema nyumba nzima iliugua mafua siku kama kumi kabla. Wajukuu wanne walikohoa, wakapona. Huyu naye alipona, akarudi shule siku tatu, kisha akaanza kuchoka. Akiagizwa maji bombani anaketi njiani.

Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya miokaditisi, uvimbe wa misuli ya moyo, kwa watoto. Mara nyingi huanza na virusi vya kawaida kabisa: vya kundi la Coxsackie, adenovirusi, parvovirusi B19, vya mafua, na tangu 2020 vya korona. Watoto wengi huugua virusi hivyo na kupona pasipo moyo kuguswa. Kwa wachache virusi huingia kwenye chembe za misuli ya moyo na kuziharibu, halafu askari wa mwili wanaokuja kupigana nao hupiga hata penye mzima. Baada ya hapo ama uvimbe unaisha na misuli inarudi, ama panabaki kovu na moyo unapanuka kama mpira uliolegea. Kwa nini mmoja kati ya wajukuu wanne? Bibi aliniuliza hivyohivyo. Sikuwa na jibu.

Nilipiga simu ya rufaa saa nne. Gari la wagonjwa lilikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo. Bibi akafungua fundo la leso akahesabu noti, jambo ambalo kila anayefanya kazi vijijini amelishuhudia na hakuna anayelizoea. Tulimpeleka amekaa, mtungi wa oksijeni miguuni, sista pembeni na bomba la furosemidi ya pili mfukoni. Matugga tulipita vizuri. Kuanzia Kawempe hadi Bwaise malori yalikuwa yamefunga barabara, na pale Bwaise mtoto alinyamaza kwa dakika mbili hivi ambazo sitaki kuzieleza. Tulifika hospitali ya rufaa jijini kabla ya saa saba usiku.

Yaliyofuata nayaandika kutokana na barua ya kuruhusiwa kwake na kutokana na daktari wa moyo wa watoto ambaye amekuwa akinijibu simu kwa uvumilivu.

Picha ya eksirei ilionyesha moyo uliopanuka kiasi na mapafu yenye maji. Kipimo cha umeme wa moyo: mapigo ya kasi yenye mpangilio, mawimbi mafupi mafupi, na mabadiliko ambayo mtu mzima angekuwa nayo ungedhani ana mshtuko wa moyo. Troponini, ile protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia, ilikuwa juu mara nyingi kuliko kawaida. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndicho kilichomaliza ubishi. Chumba cha kushoto kilikuwa kinasukuma asilimia 24 tu ya damu iliyomo, wakati moyo mzima husukuma zaidi ya 55. Kuta zake zilikuwa nene na zimelegea, chumba chenyewe hakijapanuka sana. Daktari aliniambia hilo lilimpa moyo, samahani kwa neno: ukuta mnene kwenye chumba ambacho hakijapanuka mara nyingi ni dalili ya ugonjwa mpya, uvimbe wa siku chache. Chumba kipana chenye kuta nyembamba humfanya afikirie ugonjwa wa muda mrefu uliofichika.

Kabla ya kuuita miokaditisi ilibidi wapite milango mingine, na kwetu milango ni mingi. Homa ya baridi yabisi inayoshambulia moyo ndiyo iliyofikiriwa kwanza, maana mtoto yuko kwenye umri wake na Uganda inaujua ugonjwa huo vizuri. Kule Gulu ndiko kulikofanyika jaribio la mwaka 2021 lililoonyesha kwamba sindano ya penisilini kila wiki nne huzuia madhara ya mwanzo ya valvu, vile vilango vya ndani ya moyo, yasiendelee. Lakini valvu zake zilikuwa nzuri, viungo havijauma, vipimo vya damu vya bakteria wa koo havikupanda. Seli mundu: hana. Virusi vya Ukimwi: hana. Maji kuzunguka moyo, ambayo kwetu mara nyingi ni kifua kikuu: tabaka jembamba tu la maji. Dondakoo: daftari lilikuwa na chanjo zote tatu za wiki ya 6, 10 na 14. Kovu la utando wa ndani ya moyo, ugonjwa ambao J.N.P. Davies aliueleza akiwa Kampala miaka ya 1940 na ambao bado huonekana kwenye kliniki za moyo nchini: eko haikuonyesha. Kilichobaki ni miokaditisi "inayoelekea sana." Uthibitisho kamili ungehitaji kukata kipande cha misuli ya moyo na kukiangalia kwa darubini, au picha ya moyo ya sumaku. Kwa mtoto aliye kwenye oksijeni, katika hali zetu, hakuna aliyezungumzia hayo kwa uzito, na nadhani ni sawa. Matibabu yasingebadilika.

Alikaa uangalizi maalumu siku 6. Alipewa dripu ya dawa ya kuusaidia moyo kusukuma, kwa dozi ndogo iwezekanavyo, furosemidi, na oksijeni. Usiku wa tatu moyo ulianza kuruka mapigo, unaweka pigo la wizi kila baada ya matatu manne. Potasiamu ilikutwa 2.9. Furosemidi huimwaga kwenye mkojo, matapishi nayo yalikuwa yamekwishachukua ya kwake, na misuli iliyovimba haivumilii upungufu huo hata kidogo. Ilirudishwa taratibu, mapigo ya wizi yakaisha kufikia alfajiri. Mwenzangu mwenye mgonjwa wa namna hii njiani: hesabu mkojo, ndiyo, lakini ulizia na potasiamu.

Kuna jambo moja lililotokea hospitalini ambalo naona lina uzito kuliko dawa zote hizo. Siku ya pili mtu fulani wodini, simjui na sitafuti kumjua, alimwambia bibi kwamba kuna dawa ya kingamwili kutoka damu za watu wengi, inatundikwa kwa mshipa, ndiyo "inayoponya kabisa," na bei yake ni ya kiwanja. Bibi ana kiwanja. Alipiga simu Bombo kutafuta mnunuzi. Daktari alipopata habari alimketisha na kumweleza kwamba dawa hiyo hutumika nchi nyingi kwa ugonjwa huu, ila tafiti zilizopo hazijaonyesha wazi kwamba watoto wanaoipata hupona zaidi ya wasioipata. Hali ni hiyohiyo kwa dawa za steroidi. "Bibi, usiuze," akamwambia. "Kiwanja hicho kitanunua enalaprili, vidonge vya kuupunguzia moyo mzigo, ya mwaka mzima na nauli za kliniki." Wapo madaktari wangeipa, nami sitawalaumu. Lakini mimi niko upande wa huyu. Nimeona familia zikiuza ng'ombe kwa ajili ya dozi moja ya matumaini, kisha mwezi wa pili hakuna shilingi ya kidonge cha kawaida ambacho manufaa yake yanajulikana.

Katika nchi zenye uwezo, mtoto ambaye moyo wake umezimika kabisa kwa miokaditisi huunganishwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili, kwa siku au wiki, hadi uvimbe uishe, na wengi wao huondoka hospitalini wakiwa hai. Hilo ndilo la ajabu la ugonjwa huu: anayezimika ghafla akivushwa siku zile mbaya anaweza kurudi mzima kuliko yule aliyedhoofika polepole. Sisi mashine hiyo hatuna ya kumtegemezea mtoto wa usiku wa Jumanne. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988 pale Mulago, inafanya upasuaji wa moyo wazi wa watoto, na hiyo ni hatua kubwa. Kupandikiza viungo kulipata sheria yake mwaka 2023, na figo ya kwanza ikapandikizwa Mulago mwishoni mwa mwaka huo. Moyo bado. Kwa hiyo uvushaji wetu unafanyika mapema zaidi au haufanyiki: kwenye kituo cha afya, kwa kidole kinachogusa ini kabla ya dripu.

Mama aliniuliza swali ambalo kila mama huuliza: atapona? Nilimtafutia jibu la kweli. Rejista ya Marekani na Kanada iliyofuatilia watoto wenye miokaditisi iliyothibitishwa, ambao tayari mioyo yao ilikuwa imepanuka, ilikuta kwamba ndani ya miaka 3 takriban nusu mioyo yao ilirudi kuwa ya kawaida, na kama robo walikufa au walipandikizwa moyo. Waliobaki waliishi na moyo uliopungukiwa nguvu, wanaendelea na dawa. Nilimpa picha hiyo bila kuipaka sukari, nikamwambia pia kwamba wale ni watoto wa nchi nyingine, waliofika hospitali zenye kila kipimo. Wetu wanaokufa na ugonjwa huu njiani, au kwenye benchi la kliniki na dripu mkononi, huandikwa malaria au nimonia, na hakuna rejista itakayowahesabu. Mimi mwenyewe siku ile nilikuwa nimeshaandika malaria.

Aliruhusiwa siku ya 15, eko ikiwa asilimia 33. Enalaprili, spironolaktoni, furosemidi, vidonge vya kusagwa na kugawanywa robo kwa wembe kwenye kisahani. Hakuna mbio, hakuna kuruka kamba kwa miezi 6, kwa sababu misuli inayopona ikilazimishwa kufanya kazi ya nguvu inaweza kuleta mapigo ya hatari ya ghafla. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2021 unataja miezi 3 hadi 6. Na wasimpe diklofenaki wala ibuprofeni za dukani, ambazo bibi, nilikuja kujua, alikuwa amempa siku mbili kabla ya kuja kwetu kwa ajili ya lile tumbo.

Wiki ya sita asilimia 39. Mama alifurahi, mtoto anakula, anacheka, anagombana na kaka zake. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika kidogo, kimyakimya. Duka walilozoea liliishiwa enalaprili. Duka la pili bei ilikuwa karibu mara mbili. Mama akaanza kutoa siku moja, kuacha moja. Hakumwambia mtu, naye hakuona ubaya: mtoto anayekimbia uani ni mgonjwa wa nini? Mwezi wa tatu akaja kwangu na mtoto aliyevimba macho asubuhi, ini vidole vitatu, mapigo 134. Eko ya Kampala ikasema 34.

Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa lipi, mimi niliyemtundikia maji? Tulikaa na daftari, tukachora jedwali la siku kwa kalamu nyekundu, bibi akakabidhiwa vidonge vyote na funguo ya kabati. Nilimfundisha mama kuhesabu mapigo mtoto akiwa amelala usingizi, dakika nzima kwa saa ya simu, na kuandika namba kila Ijumaa. Ikizidi 110 usingizini mara mbili mfululizo, apige simu. Kumwambia "ukiona hali imebadilika uje" ni sawa na kutomwambia kitu, kwa sababu hali ya moyo hubadilika kabla haijaonekana.

Mwezi wa sita: 46. Mwaka: 53. Kwenye karatasi 53 si kawaida, imekosa kidogo. Furosemidi imeondolewa, enalaprili inaendelea. Shuleni mwalimu wa michezo amempa filimbi na kazi ya kuita majina ya mstari wa kuanzia mbio, kazi anayoifanya kwa ukali ambao wenzake wanaulalamikia.

Mara ya mwisho walipokuja ilikuwa wiki tatu kabla ya Ramadhani. Binti sasa ana miaka 8, kaka yake mkubwa alifunga mwaka jana, naye anataka. Bibi aliniuliza kwa niaba yake, mtoto akisikiliza nyuma ya mlango. Nikampigia daktari wa moyo palepale. Akasema furosemidi imetoka, hilo ni jema, lakini enalaprili na kushinda bila maji kwenye joto la mwezi ule hataki kulijaribu kabla ya eko ijayo. Nikamweleza bibi. Akatikisa kichwa, akachukua kalamu yangu, akaandika tarehe ya eko kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa, kisha akageukia mlango.

"Umesikia? Njoo, upimwe mapigo."

Yalikuwa 88.